Kompyuta Inayokataa Wi-Fi Iliyoizoea: Soma Profaili Kabla ya Kulaumu Ruta

Simu imeshika Wi-Fi, runinga imeshika, kompyuta peke yake ndiyo inazungusha kile kiduara na mwishowe inasema haiwezi kuunganisha. Mwenye nayo anachomoa ruta, anahesabu hadi kumi, anachomeka tena. Kiduara ni kile kile. Hapo ndipo huwa naitwa, na jambo la kwanza ninalosema huwaudhi wengi: ruta iacheni kwanza, nionyesheni kompyuta imeandika nini kuhusu mtandao huo.

Kompyuta ikishaunganishwa mara moja, siku zinazofuata hurudi kwenye mtandao kwa kufuata maandishi yake yenyewe. Maandishi hayo ndiyo profaili: jina la mtandao, aina ya ulinzi, nenosiri, na maagizo machache kama vile iunganishe yenyewe au isubiri kuambiwa. Ruta ikibadilika, maandishi hayabadiliki. Kompyuta inaendelea kuchokonoa kufuli jipya kwa ufunguo wa zamani, tena kwa bidii, huku wewe ukiapa kwamba nenosiri ni sahihi. Nalo ni sahihi kweli, ila silo lililoandikwa mle ndani. Na kule kushika kwa simu kunathibitisha tu kwamba ruta iko hai. Simu ina profaili yake.

Isome kwanza

Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), ukiwa na haki za msimamizi, uandike:

`netsh wlan show profiles`

Ukijibiwa "There is no wireless interface on the system", achana na habari za profaili. Kompyuta haioni kadi ya Wi-Fi kabisa: kuna swichi pembeni mwa laptop imezimwa, au hali ya ndegeni imewashwa, au draiva, programu inayoiendesha kadi, imekufa. Ukiambiwa huduma ya wlansvc haifanyi kazi, hiyo ndiyo inayotunza profaili zote na kuziunganisha. Iwashe kwa `net start wlansvc`, kisha kwenye orodha ya huduma hakikisha imewekwa ianze yenyewe. Kuna programu za "kuharakisha kompyuta" zinazoizima kwa kudhani haina kazi.

Mara nyingi, lakini, utapata orodha ya majina. Chukua lile linalokusumbua, tuseme mtandao unaitwa Sebuleni:

`netsh wlan show profile name="Sebuleni" key=clear`

Yatashuka maandishi mengi. Macho yako yatafute mistari minne tu: SSID name, yaani jina lenyewe, Connection mode, kama inaunganisha yenyewe au la, Authentication, aina ya ulinzi, na Key Content, nenosiri likiwa wazi bila nyota. Kama Key Content haionekani kabisa, huenda hukufungua dirisha kwa haki za msimamizi.

Kwenye Linux yenye NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, kazi hiyo hufanywa na `nmcli connection show` kupata orodha, halafu `nmcli -s connection show "Sebuleni"` kuona undani, na ile -s ndiyo inayofichua nenosiri. Kwenye Mac, orodha hutoka kwa `networksetup -listpreferredwirelessnetworks en0`, na manenosiri yamo kwenye Keychain, hazina ya manenosiri ya Mac.

Dakika mbili hizo zimeniokoa jioni nyingi. Sasa twende kwenye dalili zenyewe.

Nenosiri ni sahihi, lakini inakataa

Kisa cha kawaida kuliko vyote ni hiki: ruta imebadilishwa, na mwenye busara akaipa ruta mpya jina lile lile na nenosiri lile lile ili vifaa vijiunge vyenyewe bila kusumbuliwa. Wazo zuri. Vifaa tisa vinajiunga, cha kumi kinagoma. Ukisoma profaili ya hicho kinachogoma unakuta Authentication imeandikwa WPA2-Personal, aina moja ya ulinzi wa Wi-Fi, wakati ruta mpya imewekwa ipokee aina mpya zaidi, WPA3, peke yake. Jina sawa, nenosiri sawa, lakini namna ya kusalimiana imebadilika.

Dawa ni kufuta profaili na kuanza upya. Bofya jina la mtandao kwa kitufe cha kulia, chagua Forget, kisha uunganishe kama mara ya kwanza. Jina likigoma kutoka kwenye orodha, kwa amri ni:

`netsh wlan delete profile name="Sebuleni"`

Ukishafuta na bado ikakataa, usifute mara ya pili na ya tatu. Nimeona watu wakifuta profaili ile ile mchana kutwa kama wanaofua nguo isiyotakata. Uliza kadi yenyewe inajua nini:

`netsh wlan show drivers`

Humo kuna sehemu inayoorodhesha aina za ulinzi ambazo kadi na draiva yake zinaziweza. WPA2 ilikuja mwaka 2004, WPA3 mwaka 2018, kwa hiyo laptop ya zamani yenye draiva ya zamani inaweza isiwe imewahi hata kuisikia WPA3. Kama haimo kwenye orodha, jaribu kwanza draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji. Ikishindikana, ingia kwenye ruta uiweke ipokee WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Na ukikuta upande wa ruta ndio wa kizamani, bado iko kwenye WEP, ulinzi wa mwaka 1997, basi hapo usiibembeleze kompyuta. WEP ilishavunjwa kitambo, na mifumo mipya haiitaki kwa sababu nzuri. Badilisha ruta.

Orodha hiyo hiyo ina mstari wa Radio types supported. Hivyo ni vizazi vya Wi-Fi. Ukiona 802.11b, g na n tu bila ac wala a, kuna uwezekano mkubwa kadi hiyo haifiki GHz 5. Mtandao ulioko GHz 5 pekee hautaonekana kwake, hata profaili iwe imenyooka namna gani.

Kuhusu nenosiri lenyewe kuna mambo mawili yasiyojulikana sana. La kwanza, WPA2 inataka herufi kati ya 8 na 63. Nenosiri la herufi saba halifiki hata kwenye ruta, kompyuta inalikataa yenyewe na kitufe cha kuendelea hakibofyeki. La pili, ufunguo unaotumika hewani hautokani na nenosiri peke yake. Nenosiri huchanganywa na jina la mtandao na kukorogwa mara 4096 ndipo unapatikana ufunguo wa biti 256. Ndiyo maana ukibadilisha jina la mtandao, hata herufi kubwa moja ikawa ndogo, kwa kompyuta huo ni mtandao mwingine kabisa. "Sebuleni" na "sebuleni" hawajuani.

Kabla ya kusema nenosiri ni sahihi, liandike kwanza kwenye Notepad ulione kwa macho. Mpangilio wa kibodi ukiwa umeteleza kwenda lugha nyingine, Z inaandika Y na alama za mkato zinahama vyumba, na kwenye kisanduku chenye nyota huwezi kugundua. Kama ulilinakili kutoka kwenye ujumbe, angalia mwisho wake: nafasi tupu moja iliyoning'inia baada ya herufi ya mwisho inahesabiwa kama herufi.

Kuna sababu nyingine nitakayoigusa tu. Ruta nyingine hupokea vifaa vilivyoorodheshwa kwa anwani zao za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao (haihusiani na kompyuta za Mac), na Windows ina chaguo la kutumia anwani za kubahatisha. Likiwashwa, kompyuta inafika mlangoni na jina ambalo halimo kwenye daftari la wageni. Anwani ya kubahatisha utaitambua kwa tarakimu ya pili kutoka kushoto: ni 2, 6, A au E. Zima chaguo hilo kwa mtandao huo mmoja, liache kwenye mingine.

Jina linafanana, lakini silo

Hii ilinila jioni nzima na bado inaniuma kidogo. Rafiki alikuwa na hotspoti ya simu aliyoiita Mng'aro. Aliniomba nimtengenezee profaili kwenye laptop yake mapema, simu ikiwa haipo, ili akifika nayo ishike yenyewe. Nikaandika jina kwa mkono, aina ya ulinzi, nenosiri, nikahifadhi. Simu ilipokuja, laptop iliikaushia. Kwenye orodha ya mitandao Mng'aro ipo, kwenye orodha ya profaili Mng'aro ipo, na hazitambuani.

Tatizo lilikuwa kile kinukta cha ng'. Kuna simu zinazopenda kupamba maandishi: ukiandika alama iliyonyooka, zenyewe hubadilisha kuwa iliyopinda. Kibodi ya kompyuta inaandika iliyonyooka. Kwa jicho ni kitu kile kile, kwa mashine ni vitu viwili. Kwa tarakimu za hex, yaani namba zinazohesabiwa kwa 16, iliyonyooka ni baiti moja, 27. Iliyopinda ni baiti tatu, E2 80 99. Jina nililoandika mimi lilikuwa na baiti saba, la simu lilikuwa na tisa. Kwenye faili la profaili la Windows hilo linaonekana waziwazi, maana jina huandikwa mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu:

`<hex>4D6E672761726F</hex>`
`<name>Mng'aro</name>`

Ile 27 katikati ndiyo iliyonyooka. Kwa simu pale pangekuwa na E28099. Sisi tunaotumia lugha yenye ng' kila sentensi ya tatu, hili litatupata mara nyingi kuliko wengine, kwa hiyo kama unaunda jina la mtandao, iache alama hiyo. Iache pia nafasi tupu ya mwanzo na ya mwisho. Na kumbuka jina lote halizidi baiti 32, ambazo alama za mapambo na vikatuni huzila haraka.

Jambo nililojifunza ni kwamba jina unaloweza kulibofya usiliandike kwa mkono. Ukibofya kwenye orodha, kompyuta inanakili baiti zile zile zilizopita hewani. Kuandika kwa mkono ni kwa mitandao iliyofichwa na kwa mafaili unayoyahamisha, basi. Na ukilihariri jina ndani ya faili, rekebisha mstari wa hex pia au uuondoe, la sivyo mistari miwili itapingana.

Inauliza nenosiri kila inapowashwa

Hapa profaili ipo ila haijahifadhika inavyopaswa, na sababu hutegemea mfumo.

Kwenye Windows anza na jambo jepesi: kile kialama cha kuunganisha chenyewe hakikutiwa siku ya kwanza. Connection mode itasema Connect manually. Geuza:

`netsh wlan set profileparameter name="Sebuleni" connectionmode=auto`

Jambo gumu zaidi linawahusu wanaotumia adapta za Wi-Fi za USB, zile ndogo kama ukucha. Windows haihifadhi profaili kwa kompyuta nzima kama wengi tunavyodhani. Inahifadhi kwa kila adapta, kwenye folda yenye utambulisho wa adapta hiyo. Ukinunua adapta nyingine, hiyo ni mgeni asiye na kumbukumbu. Hata adapta ile ile, kama haina namba yake ya utambulisho ndani, ukiihamisha kutoka tundu moja la USB kwenda jingine, kompyuta inaweza kuiandikisha upya kama kifaa kipya. Rudi kwenye `netsh wlan show profiles` ukiwa umechomeka adapta zote mbili, utaona orodha mbili, moja ya "Wi-Fi" na nyingine ya "Wi-Fi 2", na profaili zako zote ziko kule kwenye orodha ambayo haitumiki. Zihamishe, ukianza na kutengeneza folda, maana amri haiitengenezi yenyewe:

`mkdir C:\wifi`
`netsh wlan export profile name="Sebuleni" key=clear folder=C:\wifi`
`netsh wlan add profile filename="C:\wifi\Wi-Fi-Sebuleni.xml" interface="Wi-Fi 2"`

Au rudisha adapta kwenye tundu lake la kwanza, ambayo ndiyo njia ninayoipenda kwa sababu haina kuandika chochote.

Kama ni kompyuta ya maabara au ya maktaba na inasahau kila kitu asubuhi, huenda diski yake imewekewa programu inayoirudisha ilivyokuwa kila inapowashwa. Profaili yako inafutwa pamoja na kila kitu kingine. Hapo mwenye mamlaka ni msimamizi tu.

Linux ina kisa chake, na ndicho kinachoulizwa kuliko vyote. Unawasha kompyuta, unaingia, kabla ya Wi-Fi kushika kinatokea kisanduku kinachotaka nenosiri la hazina ya funguo. Au kompyuta haishiki mtandao kabisa mpaka mtu aingie, jambo linaloudhi sana kama ni mashine unayoitumia kwa mbali. Sababu ni kwamba nenosiri la Wi-Fi limehifadhiwa kwa mtumiaji mmoja, ndani ya hazina yake iliyofungwa, na hazina hiyo hufunguka anapoingia kwa kuandika nenosiri lake. Ukiwa umeweka kompyuta iingie yenyewe bila kuuliza, hazina haina wa kuifungua, ndipo inapokuita. Kagua:

`nmcli -f 802-11-wireless-security.psk-flags connection show "Sebuleni"`

Ikiwa 1, nenosiri liko kwa mtumiaji. Lihamishie kwenye mfumo mzima:

`nmcli connection modify "Sebuleni" wifi-sec.psk-flags 0 wifi-sec.psk "nenosiri-lako"`

Wasiopenda kuandika amri watapata chaguo hilo hilo kwenye dirisha la kuhariri muunganisho: mwishoni mwa kisanduku cha nenosiri kuna alama ndogo, ibofye, uchague lihifadhiwe kwa watumiaji wote. Fahamu unachokubali: nenosiri sasa linakaa kwenye faili likiwa wazi, na anayelisoma ni root, msimamizi mkuu wa Linux, peke yake. Kwa kompyuta yako mwenyewe sioni shida. Kwa kompyuta ambayo wengine wana haki za msimamizi, fikiri kwanza. Na kama umetumia amri, nenosiri limebaki pia kwenye historia ya amri zako, lifute huko.

Mafaili hayo yako `/etc/NetworkManager/system-connections/`, kila muunganisho na lake, yakiishia na .nmconnection. Ukiyarejesha kutoka kwenye flashi baada ya kusakinisha mfumo upya, yanaweza kuonekana pale pale yalipo na bado NetworkManager ikajifanya haiyaoni. Haijifanyi. Inataka mmiliki awe root na ruhusa ziwe 600, na flashi ya kawaida, yenye muundo wa FAT, haitunzi ruhusa hata kidogo. `chown root:root`, `chmod 600`, kisha `nmcli connection reload`. Kama bado, fungua faili utazame mstari wa interface-name. Kompyuta ya zamani ilikuwa na wlan0, ya sasa ina wlp2s0, na adapta ya USB ina jina refu linaloanza na wlx likifuatiwa na anwani yake ya MAC. Profaili iliyofungwa kwa jina ambalo halipo haitashika kamwe. Futa mstari huo.

Inakimbilia mtandao mwingine

Kuna ruta sebuleni na kiongeza mawimbi chumbani, na kompyuta inang'ang'ania ule dhaifu. Kwenye Windows panga foleni:

`netsh wlan set profileorder name="Sebuleni" interface="Wi-Fi" priority=1`

Kwenye Linux:

`nmcli connection modify "Sebuleni" connection.autoconnect-priority 10`

Angalia usichanganye. Kwa Windows 1 ndiyo ya kwanza kwenye foleni. Kwa NetworkManager chaguo-msingi ni 0 na namba kubwa ndiyo inayotangulia. Nimewahi kuwapa watu amri ya huku wakiwa kule, nikashangaa kwa nini mambo yamezidi kuharibika. Kwenye Mac njia rahisi ni kuuzimia Auto-Join ule mtandao usioutaka.

Ukiipanga foleni na bado kompyuta inakaa kwenye mtandao dhaifu, ni kwa sababu ilikuwa imeshaushika kabla. Foleni hutazamwa wakati wa kuunganisha. Ikishashika, haiachi hivihivi. Katisha, iunganishe tena.

Imeshika, lakini intaneti hakuna

Profaili imefanya kazi yake, nenosiri limekubaliwa, tatizo limehamia hatua ya pili. Andika `ipconfig` utazame anwani ya IPv4. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo ruta ina haki ya kulaumiwa: zima uwashe, au angalia kama orodha yake ya anwani za kugawa imejaa.

Ikiwa anwani inaonekana ya kawaida, kama 192.168.1.50, lakini ruta ya mahali ulipo inagawa 192.168.0, basi kuna mtu aliwahi kuweka anwani ya kudumu kwa ajili ya mtandao mwingine akasahau. Huyo mtu mara nyingi ni wewe, siku ile ulipohangaika na printa. Kwenye Windows, anwani iliyowekwa kwenye sifa za adapta husafiri na adapta kila uendako, haijali umeshika mtandao gani. Irudishe ipokee anwani yenyewe, na seva za DNS, zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, vilevile, kwa sababu DNS iliyosahaulika huleta dalili ya ajabu zaidi: kila kitu kimeshika, kurasa hazifunguki. Kwenye Linux anwani hukaa ndani ya profaili, kwenye ipv4.addresses, kwa hiyo kosa la mtandao mmoja haliambukizi mwingine. Kwa hili naipa Linux alama.

Mtandao uliofichwa

Mtandao usiotangaza jina lake hauonekani kwenye orodha, na profaili yake lazima iambiwe hivyo. Kwenye Windows, wakati wa kuuongeza kwa mkono, kuna kialama cha kuunganisha hata kama mtandao hautangazwi. Ukikisahau, kompyuta itakaa ikisubiri kusikia jina ambalo halitatamkwa. Kwenye Linux ni `802-11-wireless.hidden yes`.

Mimi kuficha jina sikushauri. Ruta ikinyamaza, inayolazimika kupaza sauti ni kompyuta: inakwenda kila mahali ikiuliza kama mtandao wa jina hilo upo, na yeyote mwenye vifaa vya kusikiliza analipata. Umeficha jina nyumbani ukalitangaza njiani.

Mitandao inayotaka jina la mtumiaji

Mitandao ya vyuo na ofisi huomba jina na nenosiri la kila mtu badala ya nenosiri moja la wote. Dalili kuu huja siku unapobadilisha nenosiri lako la kazini. Profaili bado ina la zamani, inalituma tena na tena bila kukuuliza, na baada ya majaribio kadhaa akaunti yako inafungwa. Unafunguliwa, inafungwa tena baada ya nusu saa. Kama akaunti yako inafungwa bila sababu inayoeleweka, tafuta kifaa chenye profaili ya zamani, na usisahau ile simu ya akiba droo ya chini.

Jambo la pili ni saa. Mitandao hii huthibitisha seva kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Betri ndogo ya kwenye ubao ikiisha, kompyuta huamka ikiamini iko miaka kadhaa nyuma, na kila cheti kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe kwanza. Cheti kikibadilika ghafla na kompyuta ikakuuliza kama unakikubali, usibofye ndiyo kwa kuchoka. Waulize wahusika kama kweli wamekibadilisha, kwa sababu hivyo ndivyo mtandao bandia wenye jina lile lile unavyoonekana.

Profaili isiyofutika

Ukiifuta inagoma, au inarudi kesho yake. Kwenye orodha ya netsh, tazama iko chini ya kichwa gani. Ikiwa chini ya Group policy profiles, imewekwa na ofisi na ni ya kusomwa tu. Hakuna ujanja wa upande wako, mtafute msimamizi. Kama laptop ni yako ila uliinunua iliyokwishatumika, inawezekana bado imefungwa na ofisi ya mwenyewe wa kwanza, na hapo Wi-Fi ndiyo shida ndogo kuliko zote utakazokutana nazo.

Kuhamishia profaili kompyuta mpya

Wengi hunakili folda ya `C:\ProgramData\Microsoft\Wlansvc\Profiles` nzima, wakaibandika kwenye kompyuta mpya, na haifanyi kazi. Nenosiri ndani ya mafaili hayo limefungwa kwa ufunguo wa mashine ile ile iliyoyaandika. Kwingine ni mfululizo wa tarakimu usio na maana. Toa profaili kwa njia yake:

`netsh wlan export profile key=clear folder=C:\wifi`

Usipotaja jina, zinatoka zote. Ukilifungua faili mojawapo utaona `<protected>false</protected>`, na mstari unaofuata, ndani ya keyMaterial, nenosiri lako likisomeka kama maandishi ya gazeti. Kule kwenye kompyuta mpya, kwa kila faili:

`netsh wlan add profile filename="C:\wifi\Wi-Fi-Sebuleni.xml" user=all`

Ile `user=all` inamfanya kila anayeingia kwenye kompyuta apate mtandao; weka `user=current` kama hutaki. Ukimaliza, hakikisha kwa `netsh wlan show profiles` kwamba majina yote yamefika, kisha futa folda ya wifi pande zote mbili, kwenye flashi uliyobebea, na kwenye pipa la taka.